Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Barabara, Reli na Malikale: Madaraja Yetu ya Chuma Yasipimwe kwa Kilo

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa pamoja ninyi mnaosimamia barabara, ninyi mnaosimamia reli na ninyi mnaosimamia malikale za taifa, kwa sababu jambo nililo nalo limeangukia katikati ya ofisi zenu tatu, na kila ofisi ina haki ya kudhani kuwa linaihusu nyingine. Ombi langu ni hili: daraja la zamani la chuma linapojengewa mbadala wake, lisikatwe wala kuuzwa kabla halijapimwa, kupigwa picha na kuandikiwa historia yake, na lile linaloweza kuendelea kusimama bila kuhatarisha mtu liachwe livushe waenda kwa miguu.

Nilizaliwa wilayani Kilosa, na katika kijiji nilichokulia palikuwa na daraja dogo la chuma juu ya kijito ambacho hufurika kila masika. Wazee waliliita daraja la Mjerumani. Tulipokuwa watoto tulilivuka asubuhi na jioni, na kwa jinsi mbao zake zilivyolia tuliweza kumtambua anayekuja nyuma yetu kabla hatujageuka. Lilipochoka, likajengwa la zege pembeni yake, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, maana la zamani lilikuwa halibebi tena hata trekta lenye mahindi. Wiki chache baadaye walikuja watu wenye mitungi ya gesi, wakalikata vipande, wakavipakia kwenye lori la vyuma chakavu. Nilikwenda katika ofisi iliyohusika kuuliza kama upo mchoro wake, picha yake au hata barua moja inayolitaja. Karani alitafuta kwa uungwana wote, kisha akaniletea karatasi moja tu, nayo ilikuwa stakabadhi ya mizani. Daraja lililowavusha babu, baba na mimi limebaki katika majalada kama idadi ya kilo.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa masomoni Uingereza, nilipanda basi kwenda Ironbridge, mji mdogo ulioko Shropshire, kwenye bonde jembamba la mto Severn. Jina la mji huo maana yake ni daraja la chuma tu, kwa kuwa daraja ndilo lililouzaa mji: lilitangulia, kisha soko, nyumba za wageni na maduka vikahamia mbele yake. Nilisimama kwenye upinde wake kwa muda mrefu nikiwaza stakabadhi ile ya mizani, kwa sababu na wenzetu wale wameandika uzito wa daraja lao, tani 378 na nusu, ila kando ya uzito huo wameandika pia kila kitu kingine. Naomba mnivumilie nieleze historia hiyo kwa kirefu, maana ndiyo hoja yangu.

Bonde lile lilikuwa na makaa ya mawe, mawe ya chuma, chokaa na udongo wa kufinyangia, vyote mahali pamoja. Mwaka 1709 mhunzi aitwaye Abraham Darby alifanikiwa hapo Coalbrookdale kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa na kuondolewa moshi, badala ya mkaa wa kuni, na tangu hapo chuma kikawa kingi na cha bei nafuu. Lakini watu na mizigo walivuka mto kwa mashua, na wakati wa baridi, maji yakijaa, kuvuka kulikuwa ni kujitoa mhanga. Daraja la kawaida la mawe lenye nguzo kadhaa mtoni halikufaa, kwa kuwa matishari yaliyojaa makaa na chuma yalipita hapo mchana kutwa, na kwa kuwa kingo za bonde hilo huteleza na kusogea. Palihitajika upinde mmoja tu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwaka 1773 msanifu majengo Thomas Farnolls Pritchard alimwandikia John Wilkinson, mfua chuma mashuhuri wa wakati ule, akipendekeza upinde huo uwe wa chuma. Bunge lilitunga sheria ya kuruhusu ujenzi mwaka 1776. Pritchard alifariki Desemba 1777, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na mzigo wote ukabaki mikononi mwa mjukuu wa yule Darby wa kwanza, naye akiitwa Abraham Darby, kijana wa miaka 27. Vipande vipatavyo 1,700 vilimiminwa kwenye kalibu. Vikubwa kuliko vyote, yaani nusu za mbavu za upinde, vina urefu wa karibu mita 21 na kila kimoja kina uzito unaozidi tani 5. Vilisimamishwa majira ya kiangazi ya mwaka 1779, vikaunda upinde wenye upana wa futi 100 na inchi 6, yaani karibu mita 30.6. Daraja lilifunguliwa kwa wapita njia tarehe 1 Januari 1781.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni namna lilivyounganishwa. Hakuna aliyewahi kujenga daraja kubwa la chuma cha kalibu, kwa hiyo hapakuwa na mafundi wa kazi hiyo, na wale waliokuwapo walichukua elimu ya fundi seremala wakaihamishia kwenye chuma. Kipande kimoja kina ulimi, kingine kina tundu. Ulimi unaingia tunduni, kisha unakazwa kwa kabari. Mtu yeyote aliyewahi kutazama fundi wetu akiunga kitanda cha mninga ataielewa mara moja. Nilipapasa viungo hivyo kwa mkono wangu, nikajikuta nikimkumbuka jirani yetu mmoja seremala, ambaye nina hakika angesimama pale na kueleza daraja lote bila kuhitaji mkalimani.

Darby aliahidi kubeba gharama zitakazozidi makadirio. Zilizidi sana, naye akaishi na madeni hadi alipofariki mwaka 1789, kabla hajatimiza miaka 40. Daraja lilikuwa mali ya wenye hisa, na ushuru wa kupita ulitozwa kwa kila mguu na kila gurudumu. Bango la ushuru bado lipo kwenye nyumba ndogo ya mtoza ushuru, na limeandikwa wazi kwamba askari atalipa, awe kazini au asiwe kazini, na familia ya kifalme italipa vilevile. Naliona bango hilo kuwa hati ya historia iliyo sawa na daraja lenyewe, kwa sababu linatuonyesha nani alimiliki njia na nani aliilipia.

Februari 1795 Severn ilifurika kwa namna isiyokuwa imeonekana, ikayavunja au kuyaharibu madaraja ya mawe juu na chini ya mto. La chuma halikuguswa, kwa kuwa maji yalipita katikati ya mbavu zake bila kukuta ukuta wa kuusukuma. Kutokana na somo hilo mhandisi Thomas Telford alijenga daraja jingine la chuma hapo jirani, Buildwas, likakamilika mwaka 1796. Lilikuwa na upinde mrefu zaidi kwa futi 30, lakini lilitumia chini ya nusu ya chuma cha lile la kwanza. Kwa macho ya kihandisi, la Buildwas ndilo lililokuwa bora. Hata hivyo liliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na leo watu kutoka dunia nzima huja kulitazama lile zito, lenye makosa, lililobaki.

Tena lilikuwa na makosa kweli, na wenyewe hawayafichi. Kingo za bonde ziliendelea kusogea kuelekea mtoni, zikaubana upinde na kuuinua katikati. Nyufa zilianza kuonekana miaka michache tu baada ya kufunguliwa. Mwaka 1802 ukuta mkubwa wa mawe wa upande wa kusini ulibomolewa ukawekewa matao ya mbao, nayo yakabadilishwa kuwa ya chuma mwaka 1821. Chuma cha kalibu huvumilia kugandamizwa lakini hupasuka kikivutwa, kwa hiyo kila mahali utaona vipande vya chuma na bolti vilivyofungwa juu ya ufa, kila kimoja kikiwa kazi ya fundi wa kizazi chake. Wasimamizi wa sasa wameviacha. Hawakulirudisha daraja liwe jipya. Wamelinda na viraka vyake.

Waheshimiwa, naomba tuutazame kwa makini mwaka 1934. Magari yalikuwa yamekuja, na daraja lililojengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi lisingeweza kuyabeba. Hapo ndipo madaraja mengi ya aina yake duniani yalipokufa. La Ironbridge lilifungiwa magari, likatangazwa kuwa mnara wa kale unaolindwa na sheria, na watu wakaendelea kulivuka kwa miguu. Gharama ya uamuzi huo siku ile ilikuwa kizuizi cha kuzuia magari na karatasi ya tangazo. Kazi kubwa zilifuata polepole, kila moja kwa wakati wake: ushuru ulikoma mwaka 1950 na daraja likakabidhiwa kwa halmashauri ya Shropshire, taasisi ya kutunza makumbusho ya bonde hilo iliundwa mwaka 1967, katika miaka ya 1970 liliwekwa zege chini ya sakafu ya mto, mithili ya upinde uliopinduliwa, ili kuzizuia kingo zisikaribiane, mwaka 1986 bonde lote likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Matengenezo ya mwaka 2017 na 2018 yaligharimu pauni milioni 3.6, na wataalamu walipochunguza mabaki ya rangi ya kale wakagundua kuwa daraja lilikuwa jekundu la kahawia, wakalipaka rangi hiyo badala ya ile ya kijivu ambayo watu walikuwa wameizoea. Najua hatuna pauni milioni 3.6 za kutia katika daraja la kijito. Naomba tuanze walipoanzia wao, mwaka 1934, kwa kizuizi na karatasi.

Nataka kusema pia habari ya picha moja. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kwa hakika jinsi mbavu zile za tani 5 zilivyoinuliwa juu ya mto uliokuwa ukipitisha matishari, kwa sababu waliofanya kazi hawakuandika. Mwaka 1997 ukaonekana mjini Stockholm mchoro wa rangi za maji wa Elias Martin, mchoraji wa Uswidi aliyekuwa amepita hapo mwaka 1779 na kuchora alichokiona: daraja likiwa nusu, likiinuliwa kwa magogo na kamba kutoka mtoni. Wataalamu wakajenga mfano wa nusu ya ukubwa kwa njia hiyo, wakaona inawezekana. Vipimo vilivyochukuliwa katika miaka hiyohiyo vikaonyesha kwamba vipande vinavyoonekana pacha hutofautiana kwa sentimita kadhaa, maana kila kimoja kilimiminwa kitoshe mahali pake. Mgeni mmoja mwenye rangi na karatasi aliwarudishia watu historia yao. Sisi leo karibu kila kijana ana simu yenye kamera mfukoni, na bado daraja la kijijini kwetu liliondoka bila picha hata moja katika jalada lake.

Sasa nije kwenye mambo yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Mpaka huo wa miaka ulifaa kwa misikiti, makaburi na magofu ya pwani, lakini reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Maana yake ni kwamba hakuna daraja hata moja la chuma la reli zetu linaloweza kuingia katika ulinzi huo bila tangazo la pekee, hata likiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Sisemi kwamba yote yatangazwe. Nasema kwamba kwa sasa hayapo hata kwenye orodha ambayo Waziri angechagulia.

Itazameni Reli ya Kati. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili tu baadaye, Wajerumani waliporudi nyuma mbele ya majeshi ya Waingereza, walibomoa madaraja mengi ya reli hiyohiyo waliyokuwa wameijenga, nayo yakatengenezwa upya na waliokuja. Kwa hiyo katika daraja moja unaweza kukuta msingi wa zama moja na mihimili ya zama nyingine, kama vile viraka vya Ironbridge, na anayelikata bila kulisoma huwa amekata vita, utawala na ufundi wa watu wetu waliobeba mawe na mataruma, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Sisi wa bonde la Mkondoa tunalijua jambo hili kwa namna ya pekee, kwa sababu mto wetu hausahau. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Kila masika hulipima upya kila daraja la bonde hilo, na kumbukumbu ya lipi lilisimama, lipi lilisogea na kwa nini, ni hazina kwa mhandisi atakayejenga jingine, kama mafuriko ya 1795 yalivyomfundisha Telford.

Treni ya kisasa inayotoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, ikipita kwenye mahandaki na madaraja mapya wilayani kwetu. Nimeipanda, na nilijivuna kuipanda. Reli ya zamani bado inafanya kazi pia, na sina lawama kwa wanaoiendesha. Lakini siku itafika ambapo kipande hiki au kile kitaachwa, na barabara nyingi za vijijini tayari zinapata madaraja ya zege, jambo tunaloliomba kila mwaka katika mikutano ya hadhara. Hofu yangu ni kwamba vyuma vya zamani vitahesabiwa katika zabuni kama mabaki ya eneo la ujenzi, na wa kwanza kufika atakuwa tena ni mtu wa mitungi ya gesi.

Nafahamu mtakalonijibu, kwa sababu nimejibiwa hivyo ana kwa ana: kwamba daraja lisilotumika huibwa kipande kwa kipande, na lisipoibwa huweza kumwangukia mtoto. Ni kweli, na siombi chuma kilichooza kiachwe kining'inie juu ya maji. Daraja lililoshindwa kabisa na liondolewe. Lakini daraja linalovukwa kila siku na watu waendao shambani na wanafunzi lina walinzi wengi kuliko lililotelekezwa, na kwa upande wa pili, daraja jipya lenye magari pekee na jingine la waenda kwa miguu pembeni yake ni usalama ambao wazazi wa vijiji vya barabarani wangeushukuru. Tusisahau pia kwamba nchi hii si geni katika kazi hii. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka mitano kabla ya Ironbridge. Vikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004. Vikatengenezwa, vikaondolewa humo mwaka 2014. Walioifanya kazi hiyo wapo, na ujuzi wao unaweza kuvuka kutoka kwenye matumbawe na chokaa hadi kwenye chuma na ribiti.

Ninachowaomba kifanyike kinaweza kuingia katika mikataba bila sheria mpya. Kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo, mhandisi wa wilaya apime daraja la zamani, achore umbo lake, apige picha za viungo na za mihuri ya kiwanda iliyomo kwenye mihimili, aulize wazee watatu wanne wanalikumbukaje, kisha nakala moja ibaki wilayani na nyingine ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ni kazi ya siku mbili. Daraja likilazimika kuondolewa, kipande chake kimoja chenye muhuri kibaki mahali pake, kikiwa na bango la mwaka na la majina ya vijiji vilivyotoa vibarua. Na ofisi zenu tatu zikubaliane kwa maandishi ni nani atakayepokea barua kama hii safari ijayo, maana hii nimelazimika kuianika hadharani kwa kukosa mlango wa kubisha.

Ningependa kazi hiyo ianzie kwenye bonde la Mkondoa, kabla ya masika yajayo, maji yakiwa bado yako chini na nguzo zinaonekana hadi mizizini. Mhandisi wenu akija na futi kamba, mimi nitakuwa upande wa pili wa mto nikishika ncha yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Kilosa